Mtumbwi Uliokohoa

Esteria alianzia mbele. Alikaa mchangani, mguu wake mwembamba ameukunja ubavuni, akaugonga mtumbwi kwa vifundo vya vidole mara mbili, akasikiliza, akajisogeza shubiri moja, akagonga tena. Sikio lake lilikuwa karibu kuugusa mti.

"Unapiga hodi?" mzee Melkior akamuuliza. "Humo hamna mtu, mwanangu. Mwenyewe ndiye mimi, nimesimama huku nje."

Yotham, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu kwenye kivuli cha matete, akasema labda anamwamsha mamba. Kisha akacheka peke yake, maana hakuna aliyemsaidia. Esteria hakujibu. Si kwamba hakuwa na jibu. Majibu yake yalikuwa na tabia ya kufika wakati watu wameshakwenda zao. Akajisogeza shubiri nyingine.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja, umechongwa kwenye gogo moja la mninga. Ulikuwa umevutwa nchi kavu pale mto unapopunguza mwendo kabla ya kuingia ziwani, si mbali na Karema. Melkior alikuwa ameuvulia samaki aina ya kuhe kwa mshipi na ndoana miaka kumi na tisa. Sasa macho yake hayakuuona tena mshipi ukikaza, na binti yake aliyeolewa Kabungu alikuwa amemwita akakae naye, alime mihogo kama watu wengine. Nyumba ya kumweka ilikuwa imeshasimama, imebaki kuezekwa. Kwa hiyo Melkior alikuwa anauuza mtumbwi, ila si kwa hela. Alisema hela inaliwa hata ukiwa umeshiba. Alitaka mabati kumi na mawili, na pale kijijini kila mtu alijua mabati kumi na mawili yako wapi. Yako chini ya kitanda cha Esteria mfinyanzi, yamefunikwa magunia.

Alikuwa ameyanunua moja moja kwa vyungu vyake. Mwaka mmoja mawili, mwaka mwingine hata moja lisipatikane. Na alikuwa na sababu. Masika yaliyopita paa lake la nyasi lilivuja siku tatu mfululizo juu ya vyungu arobaini ambavyo havijachomwa. Siku ya nne alikuta udongo tu, umerudi ulivyokuwa kabla hajaugusa, umejitandaza sakafuni kama ng'ombe aliyelala. Rafaeli, mdogo wake, akaapa kwamba kiangazi hiki ataezeka. Miti alikuwa ameshaikata. Ilikuwa imelala uani, imemenywa magome, inakauka.

Lakini masika hayohayo kitu kingine kilikuwa kimetokea. Ndoo za plastiki zilishuka na meli, nyekundu na bluu, nyepesi hata mtoto anabeba. Mwanzoni wanawake walimwambia Esteria kwamba maji ya ndoo hayana ubaridi. Walisema hivyo kwa huruma, huku ndoo zenyewe wamejitwisha. Siku ya Pasaka alipanga vyungu kumi nje ya kanisa la misheni akauza viwili, kimoja kwa mtu aliyetaka cha kupandia maua.

Siku hiyohiyo, akiwa amepumzika njiani kwa sababu ya mguu, alimwona Melkior akirudi kutoka ziwani. Alikuwa amemwona hivyo tangu utotoni, ila siku hiyo aliangalia miguu yake. Ilikuwa imenyooshwa ndani ya mtumbwi, imelala kama mzigo wa mtu mwingine. Kazi yote ilikuwa mabegani. Na mabega Esteria alikuwa nayo, ya miaka ishirini ya kukanda udongo na kujivuta kwa fimbo. Kuogelea pia alijua. Majini mguu wake haukuwahi kumwonea.

"Dada," Rafaeli, aliyesimama nyuma yake, alisema sasa, kwa sauti ya chini ili Yotham asisikie, "paa halizami."

Hilo alikuwa amelisema tangu nyumbani, kwa namna nyingi. Aliuliza nani atamsukumia mtumbwi asubuhi, na Esteria akamjibu kwamba utakaa majini, umefungwa kwenye matete, hausukumwi na mtu. Aliuliza amewahi kuona wapi mwanamke akivua peke yake. Esteria hakuwahi kuona. Akauliza masika yakija atalala wapi. Hilo ndilo lililomfanya aje na fimbo tu mkononi, mabati ameyaacha chini ya kitanda.

Akagonga. Mti ukaitika, mzito na safi. Akasogea, akagonga. Ukaitika. Ndivyo alivyopima vyungu vyake vikitoka motoni: kizima huimba, chenye ufa hukohoa, hata kama ufa wenyewe jicho halijauona. Alimaliza upande wa kushoto, akazunguka, akaanza wa kulia. Karibu na pale goti la mvuvi linapokaa, mtumbwi ukakohoa.

Akarudia. Ukakohoa tena. Akakwaruza kwa ukucha, na ukucha ukatoka na weusi.

Akamtazama Melkior. Mzee alikuwa anaangalia ziwa.

"Baba," Esteria alisema, "hapa pana nini?"

"Lami."

"Na chini ya lami?"

Melkior akakuna shingo. "Pamba."

"Na chini ya pamba?"

"Mwanangu, ukiendelea kuuliza hivyo utatokea upande wa pili."

Yotham alicheka mpaka sindano ya nyavu ikamchoma kidole. Melkior naye alitaka kucheka, kicheko kikamkatalia. Akachuchumaa karibu na mtumbwi wake. Alieleza kwamba ilikuwa jiwe, mwaka juzi, na kwamba tundu ni la kidole kimoja na ufa wake hauzidi kiganja. Tangu siku hiyo haendi mbali. Akikaa, maji huingia polepole, naye huyakumba kwa kopo. Mwisho akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya mke wake, kwamba hakuna aliyemuuliza.

"Mimi chungu kikikohoa," Esteria alisema, "simsubiri mteja aulize. Namwambia hiki ni cha kubebea makaa."

Ilikuwa ndiyo kauli ndefu kuliko zote alizotoa tangu asubuhi. Melkior akainamisha kichwa. "Nyie wafinyanzi hamfai kuuziwa kitu," alisema, bila hasira.

Rafaeli akaokota fimbo ya dada yake mchangani akampa. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, wangefika nyumbani jua halijawa kali, na kesho angeanza kupima miti.

Esteria aliipokea fimbo, lakini hakuinuka. Aliweka kiganja kwenye tumbo la mtumbwi, akapima kutoka chini mpaka kwenye lami. Akamtazama Melkior, mabega yake, tumbo lake. Akarudi kuitazama lami. Kisha akasema anaomba mtumbwi uingizwe majini.

"Huu unaokohoa?" Rafaeli akauliza.

"Nataka kuona unakohoa ukiwa na nani."

Wanaume wakausukuma. Esteria akajivuta kwa mikono akaingia, akanyoosha miguu, na mtumbwi ukayumba kisha ukatulia. Akachungulia nje ya ubavu wa kulia. Maji yalisimama vidole viwili chini ya lami. Akasubiri. Akapitisha kiganja sakafuni, palikuwa pakavu. Melkior alikuwa mtu wa kifua na tumbo, na chini yake tundu lilikuwa linazama kila siku. Esteria hakuwa na uzito wa kulifikisha majini.

Akachukua kasia.

Marehemu baba yake alikuwa akimwachia kasia alipokuwa mdogo, palepale kwenye matete, na mikono ilikumbuka kabla yake. Mtumbwi ulichepuka kushoto, ukachepuka kulia, halafu ukanyooka. Rafaeli alianza kumfuata kwa miguu ukingoni, akimwambia asiende mbali, ashike kushoto, hapo pana kina. Matete yakamzuia, akazunguka. Tope likaimeza kandambili yake, akarudi kuitafuta. Alipoibuka upande wa pili, amelowa mpaka magotini, Esteria alikuwa ameshamwacha hatua hamsini.

"Dada," aliita. "Ningoje."

Esteria akalitoa kasia majini. Neno hilo alilijua vizuri. Alikuwa amelisema yeye, njia ya shule mpaka darasa la nne alipoacha, njia ya kisimani, njia ya misa, akiwaambia watu migongoni. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Akageuka akamwona mdogo wake amesimama kwenye tope, kandambili moja mkononi, anahema. Rafaeli alikuwa amekisikia mwenyewe alichokisema. Hakuita tena.

Akamngoja. Walirudi sambamba, mmoja majini, mmoja nchi kavu, kwa mwendo wa yule wa nchi kavu.

Pale ukingoni Esteria alisema anataka kujua mtumbwi unabeba samaki wangapi kabla haujakohoa. Hakumtuma mtu. Rafaeli mwenyewe aliingia majini akaanza kuleta mawe, kila jiwe ukubwa wa kuhe mzuri, akiliweka taratibu karibu na miguu ya dada yake. Yotham akaacha nyavu zake akaja kuhesabu kwa sauti. Mawe ya mwanzo aliyahesabu kwa dhihaka, kama mnadani. Ya katikati aliyahesabu kama mtu. Kwenye la tisa maji yalibakiza kidole kimoja. Kwenye la kumi na nne yakailamba lami, na Esteria akainua mkono. Rafaeli akalitoa lile la mwisho.

"Kumi na tatu," Yotham alisema. "Mimi nikirudi na kumi na tatu, mke wangu anauliza wengine nimempelekea nani."

"Mimi sina wa kuniuliza," Esteria alisema, na jibu likashangaa lenyewe kufika mapema. Safari hii Yotham alicheka pamoja na wenzake.

Esteria alibaki amekaa kati ya mawe yake. Kumi na tatu, akiwapata. Kungekuwa na siku za ziwa kuchafuka, na siku za kurudi na wawili watatu, na siku za kurudi na mshipi tu. Alifikiria uani kwake, vyungu vilivyopangwa ukutani mdomo juu, miezi mitatu sasa, mende wamefanya nyumba. Akamtazama Melkior.

"Mabati manane, baba."

"Manane hayaezeki nyumba."

"Manne nitakayobaki nayo hayaezeki pia."

Mzee alitazama lami, akatazama mawe, akamtazama yule mwanamke mdogo aliyekaa mahali pake kama aliyezaliwa humo. "Basi," alisema mwishowe, "masika tutalowa wote, kila mtu kwake."

Rafaeli alikuwa anaosha kandambili yake. Bila kuinua macho alisema kwamba mabati manne yanatosha pembe ya kitanda, yakilazwa vizuri. Miti ipo. Sehemu iliyobaki ataiezeka kwa nyasi mpya, nene kuliko za zamani. Aliyasema hayo akiiambia kandambili, lakini Esteria alisikia.

Mawe yakatolewa, mtumbwi ukapanda. Melkior aliingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kupanda.

"Nilikuwa nataka twende pamoja mpaka pale mto unapoishia," alisema. "Mara moja tu. Nikuonyeshe mwamba wanapolala kuhe."

Wote wanne waliitazama lami. Melkior ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Nitaukohoza," alisema.

Basi akamweleza kwa maneno: auone mlima uliokatika kwa kusini, aulinganishe na mti mkavu wa huku, na mahali vinapokutana ashushe ndoana taratibu, asihesabu, ausikilize mshipi kwa kidole. Esteria aliitikia kila neno kwa kichwa. Maelezo yalipoisha mzee aliuelekeza mtumbwi kwenye maji mapana, akautikisa kidogo kuona umekaaje, akautikisa tena.

Lakini hakuuachia. Maji yalipita katikati ya magoti yake, yakaenda ziwani. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya ukingo, pale mti ulipolainika kwa miaka ya viganja vyake mwenyewe. Mbele yake Esteria alikuwa ameshika kasia juu ya maji, likidondosha matone, hakugeuka wala hakumhimiza. Alikaa akingoja vidole vile viamue vyenyewe.