Usiku Wenye Saa Saba Mbili

Katika miaka ishirini na sita ya uuguzi, usiku ambao Winifred Ackroyd aliuchukia kuliko wote ni ule wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za Uingereza zinaporudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Ikifika saa nane usiku, serikali inasema ni saa saba tena. Waliolala wanapata saa moja ya usingizi wa bure. Aliye zamu anaifanya saa ile ile mara mbili, na Lancashire nzima hakuna wa kumwambia pole.

Kitanda cha nne alilala Mzee Clifford, dereva wa basi mstaafu, saratani imeshamwingia mifupani. Sindano yake ya mofini ilikuwa kila baada ya saa nne, si kabla. Winifred alimchoma saa saba na nusu, ile ya kwanza. Hazel, muuguzi mwenye miezi miwili kazini, akasaini daftari la dawa kali kama shahidi. Usiku huo kila wodi huandika neno "zamani" kando ya muda wowote wa kabla ya saa kurudishwa. Winifred hakuliandika. Kengele ya kitanda cha tisa ililia, akatupa kalamu, akakimbia.

Saa kumi na nusu alfajiri Mzee Clifford alikuwa anang'ata shuka.

"Sista, bado tu?"

"Imefika, mzee wangu. Nakuja."

Mbele ya kabati la dawa, Hazel alifungua daftari akakunja uso.

"Saa saba na nusu mpaka kumi na nusu ni saa tatu, Sista."

"Ni nne. Ulikuwepo. Umeshakunywa vikombe vitatu vya chai tangu hapo."

"Chai haisaini daftari. Mimi niko kwenye majaribio, wananitafutia sababu."

"Unajua kabisa nasema kweli."

"Najua. Basi ongeza hilo neno, nami nasaini."

Mwezi Aprili Winifred alisahihisha tarakimu moja kwenye mstari uliokwisha sainiwa, na msimamizi wa wodi, Bi Prudence, akampa onyo la mwisho kwa maandishi: ukiongeza hata nukta baada ya saini, unaondoka.

Akampigia daktari wa zamu aidhinishe sindano. Akajibiwa kwamba yumo chumba cha upasuaji, kuna ajali ya barabarani, asubiri. Akapiga tena. Asubiri.

Akarudi kitandani na mto wa pili. Mzee alimshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Nimeendesha basi miaka thelathini," alisema, meno yamekazana. "Nikichelewa dakika tano, abiria wananitukania mama. Nyie mnataka kunichelewesha saa nzima, mnaniletea mto."

"Nitukane na wewe, mzee."

"Sina pumzi."

Winifred alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika arobaini na tano. Mkono hakuweza kuuchomoa, na wodi hakuweza kuiacha. Akingoja, kazi yake iko salama na mzee huyu anaungua dakika nyingine arobaini na tano. Mzee akaanza kulia bila sauti, kama mtu anayeona aibu.

Akavibandua vidole vya mzee kimoja kimoja, akaenda kwenye daftari. Chini ya mstari wa mwisho akaandika: *Sindano ya saa saba na nusu ilichomwa kabla saa hazijarudishwa. Kuandika nilisahau mimi, si shahidi. W. Ackroyd.*

Hazel alisoma, akasoma tena.

"Watakufukuza, Sista."

"Saini ya dawa, mtoto. Maneno baadaye."

Hazel akasaini. Saa kumi na moja kasoro dakika tano sindano ikaingia, na muda si mrefu taya la mzee likalegea.

Bi Prudence alifika asubuhi mapema, koti bado linachuruzika mvua. Alisoma daftari akiwa amesimama.

"Aprili nilikwambia nini, Winifred?"

"Kwamba nitaondoka."

"Na bado ukaandika."

"Alikuwa anang'ata shuka."

Bi Prudence akanyoosha kiganja. Winifred akavua funguo za kabati shingoni, akampa.

"Unaweza kwenda sasa hivi."

"Zamu inaisha saa mbili," Winifred alisema. "Bado dakika ishirini. Kitanda cha nne kimelowa jasho, na Hazel peke yake hawezi kumgeuza mzee."

Akachukua shuka safi, akaenda.