Siku za Eda

"Aeleze kila siku iliyompita, Mheshimiwa. Kila siku!"

Wakili wa Shamsudin alisema hivyo huku akigonga meza kwa kidole, nami pale kwenye benchi damu ikanipanda kichwani. Nieleze nini? Kwamba nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, bila wanja wala manukato, namlilia mume wangu? Na aliyeniambia nikae ndiye huyo Shamsudin pale mbele, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito imemkaa sawasawa, ananitazama kama hanijui. Wallahi, ningekuwa na kiatu cha kurusha ningemrushia. Mpaka leo nikikumbuka ile kofia mkono unaniwasha.

Shamba lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Mume wangu, Mwinyimvua, alilirithi kwa baba yake. Shamsudin alipohamia kwetu Dunda akitokea Vigwaza, hana hata pa kuchimbia muhogo, mume wangu akampa kipande alime. Kwa mdomo tu. Jirani utamwandikisha nini? Kwetu anayeazimwa shamba hulima vya msimu, hapandi mti wa kudumu, na kila mtu anajua. Lakini Shamsudin akaomba apande minazi michache, na Mwinyimvua, maskini, neno hapana lilikuwa halimtoki. Akamwambia panda.

Minazi ilipozaa, yule bwana akatushitaki. Wazee wa baraza la ardhi wakaja, wakatazama minazi, wakasema aliyepanda ndiye mwenye mali. Shamba zima, si kile kipande! Mume wangu alirudi nyumbani, akakaa barazani hata viatu hakuvua.

"Nitakata rufaa, Mwanahija," akaniambia.

Homa ikamwahi. Tulimzika kulekule shambani, pembeni mwa baba yake, na Shamsudin akaingia kaburini kumpokea maiti kwa mikono yake mwenyewe. Nikasema moyoni, haya, kifo kimemlainisha.

Nikakaa eda. Kila asubuhi mke wa Shamsudin, Adila, alikuwa ananiletea uji, anakaa nami mpaka jua linapanda. Siku moja nikamwambia nataka kumtuma mtu mahakamani, siku za rufaa zisije zikapita. Bila shaka alimsimulia mumewe, maana jioni ile wakati Adila yuko kwangu, Shamsudin alikuja akasimama nje ya pazia.

"Bi Mwanahija, usihangaike," akasema kwa sauti ya upole. "Kaa eda yako, umwombee marehemu. Mimi na wewe tunakwenda wapi? Ukitoka tutakaa tuyamalize."

Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru! Kwetu mjane aliye edani hasumbuliwi, hata mwenye ugomvi naye humngoja atoke. Adila alikuwa ameshika bakuli mkononi na alisikia kila neno.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikaenda kwanza kaburini. Nikakuta seng'enge imezunguka shamba lote na lango lina mlinzi.

"Mama, unamtafuta nani?" akaniuliza.

"Namtafuta mume wangu," nikamjibu.

Hakunifungulia. Nikasoma Fatiha nimesimama barabarani kama mpita njia, machozi yananitoka kwa hasira kuliko huzuni. Nilipomwendea Shamsudin anitimizie ahadi, akaniambia, "Ahadi gani?"

Ndipo nilipompata wakili, binti anaitwa Raya, anayewasaidia wanawake bila malipo. Akaniambia siku za rufaa zimepita, kwa hiyo kwanza tuombe ruhusa ya kuikata tukiwa tumechelewa, na jaji atataka sababu ya kila siku tuliyochelewa. Sababu ninayo, nikasema. Shamsudin naye akaapa kwa maandishi kwamba muda wote wa eda yangu hakuwahi kukanyaga kwangu.

Adila sikumwomba chochote. Nani anamwomba mwanamke mwenzake avunje nyumba yake? Alikuja mwenyewe mchana, ushungi umemkaa upande.

"Shikamoo dada. Huyo wakili wako ofisi yake iko wapi?"

Basi siku ile, wakili wa Shamsudin alipomaliza kugonga meza, Raya alisimama akasoma kiapo cha Adila: pazia, bakuli la uji, maneno yote. Jaji akavua miwani, akamtazama Shamsudin, naye Shamsudin akaanza kuisoma sakafu. Tulipewa ruhusa. Ruhusa tu, shamba bado. Rufaa inaendelea hadi leo, na kaburi limo ndani ya seng'enge.

Jioni ileile Adila akapewa talaka moja, ile ambayo mume anaweza kumrejea mke maadamu eda haijaisha. Alikuja kwangu na begi lake, akakaa eda yake hapa, chumba kilekile. Shamsudin akawa anatamba vijiweni: "Mwacheni anyooke, atarudi mwenyewe kwa magoti, nami nikitaka nitamrejea." Nilikuwa nasikia yote. Zamu yangu ya kupika uji ilikuwa imefika.

Shamsudin alikuja eda imekwisha. Akapiga hodi, akasimama nje ya lile pazia.

"Bi Mwanahija, nimekuja kumrejea mke wangu."

Nikageuka. Adila alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Akatikisa kichwa bila kuinuka.

"Umechelewa. Eda imekwisha, na mwenyewe hataki."

"Nimechelewa kidogo tu! Nilikuwa na shughuli zangu. Hakuna hata mtu aliyenikumbusha."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikajitengeneza khanga.

"Haya, eleza," nikamwambia. "Kila siku iliyokupita."

Chini ya pazia nikaiona miguu yake ikigeuka, ikashuka barazani. Nyuma yangu Adila aliendelea kukuna nazi.