Wagalu na Wagika wa Mabatini

Duka la ushirika lilipofungwa, wateja walihamia sokoni na mtaa wetu wa Mabatini ukabaki kimya. Leonsia, fundi cherehani kutoka Bukoba, akakubaliana na mwenye nyumba kwamba atamrudishia ufunguo wa chumba chake cha kushonea Jumamosi.

"Bibi, nakwenda kwetu nikalime migomba," aliniambia mimi, jirani yake mkaanga samaki.

"Subiri kwanza. Sisi Wasukuma, ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, Wagalu huku, Wagika kule. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Tugawane mtaa hivyo hivyo."

Jumamosi asubuhi tukaanza. Bagenda, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, alikuwa Mgika, akatoa spika zake mlangoni. Mimi na Leonsia tukawa Wagalu. Nikakaanga sangara huku nikiimba kuwasuta wa ng'ambo. Leonsia akatoa cherehani yake hadi barazani, akashona huku akitikisa mabega vibaya kabisa.

"Mhaya huyo anacheza kama anakamua ndizi za pombe," Bagenda alimpigia kelele.

"Ikiiva utakuja kuiomba," Leonsia akamjibu.

Loo, watu walicheka! Waliokuwa wakienda sokoni wakakata kona waje waamue mshindi, na wakishafika wananunua. Kufikia mchana mtaa haupitiki. Wanawake walijipanga kwa Leonsia, kila mmoja na kitenge chake begani.

Mwenye nyumba akafika. "Shikamoo, bibi. Nimefuata ufunguo."

"Marahaba. Panga foleni, mwanangu."

Zamu yake ilipofika, Leonsia alikuwa ameshanyoosha futi ya kupimia. "Shati au suruali?"

Mwenye nyumba akautazama ule umati.

"Suruali," akasema. "Ufunguo kaa nao."