Chumba Kilichokataa Kupoa

Jumatatu kipimajoto cha chumba cha baridi kilisoma nyuzi tisa. Jumanne, tisa. Jumatano asubuhi Regula alikigonga kwa ukucha, akakipuliza, akakitukana kwa maneno ambayo yangemfanya marehemu bibi yake amfukuze mezani, na bado kikasoma tisa.

Yeye alitaka nne. Stroberi zikichumwa Ijumaa na kulala kwenye nyuzi nne, Jumamosi zinafika sokoni mjini Langnau bado zina sura ya kutazamika. Zikilala kwenye tisa, zinafika zimelegea na kuvuja maji. Kiangazi kilichopita theluthi nzima ya mavuno iliishia kwa nguruwe, na baba yake, mwenye ardhi, akamwambia bila kuzunguka: msimu mwingine kama huu, na shamba linarudi kuwa malisho ya ng'ombe.

Chumba chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa chembamba, hakina dirisha, kimebanwa kati ya banda la ng'ombe na jiko la nyumba, upande wa kaskazini usioonja jua. Tangu utotoni Regula alijua kuwa hakuna mahali penye baridi zaidi pale kwao, ndiyo maana akakichagua. Alipiga paneli za povu ukutani, darini na mlangoni, akaziba kila ufa, akafunga kiyoyozi kikuukuu kilichotupwa na hoteli moja, na juu yake kidude kinachokidanganya kiendelee kupuliza hata baridi ikizidi. Yote kwa mikono yake mwenyewe, na alijivunia, kwa nini asijivunie?

Shida ilikuwa mlango. Kila jioni aliufunga kwa komeo, na kila asubuhi aliukuta wazi upana wa kiganja. Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakutaka hata kulitamka. Sakafu nzima ya saruji ilikuwa na unyevu wa baridi, isipokuwa kona ya mbali. Pale palikuwa pakavu. Alipopagusa aliurudisha mkono haraka, maana palikuwa na uvuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia sasa hivi.

Aliogopa. Mchana kweupe, mtu mzima mwenye buti za shamba, aliogopa.

Akamwita Urs, fundi umeme wa kijijini, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Urs alipima kila waya, kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mashine nzima kabisa. Una mgeni wa usiku, dada. Angalau ni mchumba?"

"Angekuwa mchumba angefunga mlango."

"Basi ni mzimu. Weka kufuli. Mzimu wa kufungua kufuli mimi sijamwona."

"Urs, koma!"

"Nakutania tu. Mbona umekunja mikono hivyo?"

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, kukiwa kumeshapambazuka, Regula alishuka na kufuli mpya mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, konani, mtu alikuwa ameinama. Kisha akaziona ndara za manyoya na mgongo uliopinda. Alikuwa Babu Gottlieb, mwenye miaka themanini na minne, anaokota kitu sakafuni.

Ulikuwa mfuko wa kokwa za cheri. Kila nyumba kule inao, unapashwa kwenye jiko la kuni na kuwekwa miguuni kitandani. Lakini huwekwa Januari. Na huu ulikuwa mwezi wa Juni.

"Babu! Kumbe ni wewe?"

"Umepoa," mzee akasema. "Hii mashine yako, mjukuu wangu, inaupoza upesi sana."

"Unampashia nani humu ndani?"

"Elsi."

Kwao hakukuwa na Elsi. Regula aligeuza kreti, akamkalisha mzee, naye akachuchumaa mbele yake.

"Mtoto wa kugawiwa," Babu akasema, akitazama sakafu.

Regula alijua maana yake. Zamani watoto wa maskini waligawiwa na kijiji kwa wakulima, wafanye kazi wapate chakula. Siku hizi hata shuleni wanafundishwa. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba walikuwapo hapa, kwao.

"Alilala kona hii, juu ya gunia la majani makavu. Mimi nililala nyuma ya ukuta huu, penye jiko. Nilikuwa na miaka kumi, yeye tisa. Baridi ya mwaka ule ilipasua ndoo. Usiku akigonga ukuta, nampelekea mfuko wangu nikishapata joto. Siku moja Mama akaukuta kwake. Akaniuliza, umempa au kaiba?"

"Ukasemaje?"

"Kaiba."

Kiyoyozi kilinguruma juu yao. Mzee alikuwa akiubonyeza mfuko, na kokwa zikichakarika.

"Mama akaanza kumfungia kwa nje. Aligonga usiku sita, Regula. Usiku wa saba hakugonga. Na mimi nilifurahi. Nikasema, afadhali, leo nitalala."

Regula alitaka kusema kitu cha maana. Kilichomtoka ni kingine.

"Babu, kesho nachuma kreti arobaini."

"Najua. Funga tu." Akaitazama ile kufuli mkononi mwake. "Mama naye alikuwa na kazi nyingi."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana maneno yale yalimchoma. Regula akainuka, akatoka, akachomoa plagi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Alijua alichokifanya: chumba kingine hakijengwi kwa siku moja, stroberi nusu zitapikwa jamu na nusu zitaliwa na nguruwe, na baba yake hatarudia maneno aliyokwisha kusema. Alilia pale pale kwenye waya, kwa hasira na kwa huruma, bila kujua ipi ilitangulia. Kisha akafuta uso, akarudi ndani, akakaa sakafuni, kwenye ile kona.

"Tumwekee msalaba," akasema. "Tuandike jina lake vizuri. Elsi nani, Babu? Elsi binti wa nani?"

Mzee aliuweka mfuko magotini.

"Elsi alikuwa wa kwanza," akasema. "Huyu alikuwa wa tatu. Wote tuliwaita Elsi. Mama alisema hana muda wa kujifunza majina mapya."