Wanafunzi na Watumishi Tu

Kata iligonga ukingo wa mtungi gizani, maji yakamiminika. Zamda akajua kwamba mama mkwe wake, Bi Tabu, ameamka kutawadha, na kwamba wasaa wake wa kusoma umekwisha. Akainama kupuliza koroboi.

"Usizime," Bi Tabu alisema kutoka uani. "Moshi wake umenifika puani tangu usingizini."

"Samahani, mama."

"Mafuta ni yako. Macho ndiyo ya mwanangu. Ukiyapofua nitamwambia nini akirudi?"

Mwanawe huyo, Abdala, mumewe Zamda, alikuwa njiani na shehena ya boriti za mikoko, akizipeleka Dar es Salaam. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza chake, na Abdala alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Zamda alizaliwa Maparoni, kule deltani, akamaliza darasa la saba, akaolewa Kibiti, akazaa binti mmoja, Subira. Kisha Mwalimu Elinipendo wa sekondari, ambaye mshahara wake haukutosha na hakuona haya kusema hivyo, akaanzisha masomo ya jioni kwa watu wazima. Zamda alikuwa wa kwanza kukaa kwenye dawati, mtoto mapajani.

Mwisho wa mwaka kungekuwa na mtihani. Akifaulu, mlango wa uuguzi ungekuwa wazi. Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka bila kulisema, kama kuku anayeatamia yai. Tatizo lilikuwa Baiolojia. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilihitaji kutafunwa polepole kama muwa. Sokoni hakikuwepo. Kilikuwa mahali pamoja tu, maktaba ya shule.

"Nenda kakiazime," Mwalimu Elinipendo alimwambia. "Kusomea palepale huwezi."

Kweli hakuweza. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, mpunga umeanza kujaa maziwa, na Zamda alishinda juu ya dungu la miti akipiga kelele kuwafukuza ndege. Aliposhuka, maktaba ilikwisha kufungwa.

Siku aliyokwenda, Bi Tabu na Subira walibaki shambani. Maktaba ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya majembe. Ilikuwa saa ya mapumziko, na chumba kilijaa. Wanafunzi walilizunguka jedwali moja la Kemia kama inzi kwenye nyama, huyu akinakili, yule akimsomea mwenzake kwa sauti, wa tatu akilalamika kwamba kiwiko cha mtu kimemfunikia mstari wa magadi. Waliotoka visiwa vya deltani, waliopanga vyumba mitaani pasipo taa, walikuwa pale tangu asubuhi, maana giza likiingia masomo yao huwa yamekwisha. Pembeni mwalimu wa Hesabu alikuwa akitengeneza somo la kesho kutoka kitabu kilekile ambacho wanafunzi wawili walisimama wakikingoja, na mwalimu mwingine alikuwa akisoma gazeti la juma lililopita kana kwamba limetoka leo.

"Hodi."

"Karibu," alisema Mwalimu Stephano, mwalimu wa Jiografia aliyeshika funguo za maktaba. "Lakini soma hapo mlangoni kwanza."

Mlangoni palibandikwa: WANAFUNZI NA WATUMISHI TU.

"Nimesoma. Mimi mwanafunzi wa jioni, wa Mwalimu Elinipendo."

"Wa jioni si wa shule, mama. Hamumo."

"Kidato cha Jioni!" kijana mmoja alinong'ona, na wenzake wakacheka ndani ya vitabu.

Mwalimu Stephano aliwatupia jicho. Alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwenye hofu ya kudumu. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi wake kila mwaka, na yeye aliamini kwamba siku kitabu kitakapopotea, jina lake litakuwa juu kabisa.

"Ila njia ipo," alisema. "Tunatafuta mtu wa kufagia humu na kupanga vitabu, asubuhi asubuhi. Malipo hakuna, sikudanganyi. Lakini mkuu wa shule amekubali kwamba mtu huyo ataandikwa miongoni mwa watumishi, na mtumishi anaazima mpaka nyumbani. Nikuandike mtumishi?"

Masikio ya Zamda yalipata moto.

"Mimi si mtumishi wa mtu, Mwalimu."

Vijana waliacha kucheka. Wa deltani waliinamisha vichwa. Waliotoka bara walitazamana.

"Mbona mimi ni mtumishi?" Mwalimu Stephano alishangaa. "Mkuu wa shule ni mtumishi. Kanisani kwetu mhubiri ndiye tunayemwita mtumishi, na anapewa kiti cha mbele!"

"Huko kwenu, Mwalimu."

"Kufagia si aibu, mama."

"Kufagia nafagia kila siku. Ufagio sijaukataa."

Akaaga, akaondoka. Mwalimu Stephano alibaki na kalamu mkononi, akidhani amekutana na mwanamke mvivu.

Jioni ile Zamda alimsimulia mama mkwe wake, akitarajia kusifiwa. Bi Tabu alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulisimama.

"Bibi yangu aliitwa hivyo," alisema. "Mohoro, kwenye mashamba ya watu. Walimwita mtumishi kwa sababu neno lile jingine, mtumwa, lilikuwa limekwisha kukatazwa. Neno walibadili, jembe hawakubadili."

Katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutajwa, na hata sasa lilitajwa mara moja tu. Ungo ukaanza tena.

"Na kitabu chenyewe," Bi Tabu aliuliza baadaye, "hakipatikani pengine?"

"Hakipatikani."

"Kesho tutakwenda wote."

Bi Tabu alivaa kanga alizokuwa akizitoa kwa harusi na matanga. Mwalimu Stephano alipomwona alisimama, akaamkia, "Shikamoo mama," akampa kiti chake mwenyewe. Bi Tabu alikikalia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Ati wewe ni mtumishi?"

"Ndiyo, mama."

"Wa nani?"

"Wa serikali."

"Serikali hiyo ni ya nani?"

"Ya wananchi, mama."

"Na mimi?"

Mwalimu Stephano aliliona shimo, lakini mguu ulikwisha ingia. "Wewe ni mwananchi."

"Basi wewe ni mtumishi wangu. Mpe mkwe wangu kitabu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwalimu wa Hesabu aliangusha chaki. Mwalimu Stephano naye alicheka, akafuta macho, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, umenishinda kwa maneno. Lakini sheria si yangu. Nikikitoa kwa asiye mwanafunzi wala mtumishi, kesho mimi ndiye nitakayekuwa naamia ndege pamoja nanyi."

Kicheko kikaisha. Bi Tabu alikitazama kile kitabu, kilichokuwa juu ya rafu karibu na kichwa cha Mwalimu, jalada limebanduka. Alikuwa amekuja na neno lake zuri kuliko yote, na halikutosha. Zamda aliona mkono wa mama mkwe wake ukilikunja pindo la kanga, ukilikunjua. Alimfahamu. Bi Tabu asingemwambia andikwa, na asingemwambia usiandikwe. Aliyetaka kitabu alikuwa mmoja.

"Niandike, Mwalimu," Zamda alisema.

"Mtumishi?"

"Andika."

Njiani kurudi, Bi Tabu alitangulia. Walipita soko, wakapita msikiti, hakugeuka. Kitabu Zamda alikibeba kifuani, ndani ya kanga, kama mtoto aliyelala. Walipofika nyumbani Bi Tabu aliingia uani, akakaa kitako, akavua viatu.

"Chumba kile kina vumbi la miaka," alisema bila kumtazama. "Ufagio wa chelewa hautaliweza. Chukua ule mrefu."

Ikawa hivyo. Kabla jua halijapanda Zamda alifagia, akafuta rafu, akavipanga vitabu. Kisha dungu, kisha darasa. Mji mdogo hauna siri. Wanafunzi walisimulia makwao, na neno likaenda kisimani, likarudi limenona.

Alasiri moja ndege walikuwa wachache, Zamda akawahi kurudi. Alikuwa ndani, kitabu magotini, kamusi ubavuni, akipambana na mapigo ya moyo na majina ya mishipa yake. Jirani yao, Mwanahalima, mwenye ulimi mkali na mguu mwepesi, akasimama uani.

"Hodi! Jamani, mtumishi yumo? Nina vyombo vyangu hapa vinataka kuoshwa."

Zamda alisikia. Kidole chake kikabaki juu ya neno. Nje, Bi Tabu alikuwa akichagua mawe kwenye mchele, na hakuinua kichwa, ila mkono ulikoma. Subira alikuwa amekaa kizingitini akichezea kifuniko cha sufuria. Akakiweka chini, akamtazama mgeni toka miguuni hadi usoni.

"Mama anasoma," alisema.