Daraja Alilojipa Daktari Haron

Sista Kanyiva alikuwa amewauguza wagonjwa wa mgongo miaka kumi na saba, katika hospitali moja karibu na Adams Arcade jijini Nairobi, kabla Daktari Haron hajafika na daftari lake mwaka 2006. Kila tatizo lililompata mgonjwa baada ya upasuaji aliliandika humo na kulipatia daraja. La kwanza lilipita lenyewe, la pili lilitaka dawa, la tatu lilimrudisha mgonjwa chini ya kisu. La nne liliacha kilema au kifo.

Mwezi wa Juni mwaka huo Haron alimpasua mgongo Wesonga wa Kangemi, mpakiaji wa mabati River Road. Kidonda kiliingia usaha, akachomwa sindano, homa ikashuka. Haron akaandika daraja la pili.

Lakini Kanyiva alipomsindikiza Wesonga msalani, aliona ndara ya kulia ikimtoka mguuni mara mbili.

"Imezeeka tu, Sista," Wesonga akacheka.

"Hebu inua kidole gumba cha mguu huo."

Kidole hakikuinuka.

Kwenye kikao cha madaktari, ambako wauguzi walizoea kunyamaza, Kanyiva alisimama. "Daktari, daraja la Wesonga si sawa. Mguu wake umelegea."

Daktari mmoja kijana akaguna. Haron hakubishana. Alitoka kikao kikiendelea, akapiga magoti kando ya kitanda, akaupima ule mguu. Picha ilionyesha usaha umejikusanya ndani, ukibana mshipa wa fahamu. Alasiri hiyohiyo alimfungua tena. Kwenye kikao kilichofuata aliifuta mbili, akaandika tatu, na mbele ya wote akasema, "Aliyeona ni Sista. Mimi sikuangalia."

Miezi sita baadaye Wesonga aliingia kliniki kwa miguu yake, kifaa cha plastiki kikishikilia kifundo cha mguu wa kulia.

"Kazi je?" Haron akauliza, Kanyiva akiwa upande wa pili wa meza.

"Napanga mabati chini. Ngazi ya lori ndiyo imenishinda."

Haron akafungua daftari, akaandika nne.

"Aa, daki! Si natembea? Usijiandikie mabaya hivyo."

"Unatembea, ndugu yangu, na nashukuru. Lakini ngazi hupandi, na mimi ndiye niliyekupasua. Atakayesoma hapa lazima ajue."

Kanyiva hakuwa mtu wa kusifu madaktari. Siku hiyo aliizunguka meza, akampa Haron mkono.