Sauti Iliyopita Ukutani

Kibanda cha Dijei Opiyo pale Kware hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia la gunia tu, na wateja walidhani ni ubahili. Wacha wadhani. Siku alipokikodi kilikuwa na mlango mzuri wa mabati, naye akaung'oa kwa nyundo kabla hata hajaingiza benchi moja, akampa jirani yake muuza nyama choma.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Iwe ya Kikorea, ya Kihindi au ya Kizungu, alishika maikrofoni akaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, na wanaume waliotoka kiwandani na uchovu wao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ila alikuwa na mtindo wake ambao dijei mwingine hakuwa nao. Kabla ya kuionyesha filamu, aliisikiliza kwanza nyumbani, skrini ameipa mgongo, uso ameuelekeza ukutani, macho ameyafumba. "Mimi muvi naiona kwa masikio," alijigamba, na watu wakamsifu kwa kipaji.

Hakuwaambia alikojifunzia. Alijifunzia Shauri Moyo, ndani ya stoo ya makaa, akiwa na miaka minane. Mama yake alipofariki alichukuliwa na baba yake mkubwa, Sylvance, mfanyakazi wa reli na mzee wa kanisa, mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Mheshimiwa huyo hakutaka kusikia sauti ya mtoto nyumbani mwake. Mzee akirudi kutoka zamu, Opiyo aliingizwa stooni, komeo likasukumwa kwa nje, na huko akakaa mpaka mzee aamke. Jumapili alikaa tangu watoke kanisani hadi giza liingie.

Ukuta wa nyuma wa stoo ulikuwa pia ukuta wa nyumba ya safu nyingine. Mlango wa nyumba hiyo ulifungukia upande wa pili, kwa hiyo Opiyo hakuwahi kuwaona waliokaa humo. Aliwasikia tu. Mwanamke aliyeitwa Truphena alikuwa na televisheni na deki ya kanda, na kila alipoweka filamu alimweleza mtoto wake yanayotokea. "Sasa huyu mwenye kofia anapanda farasi. Usiogope, atafika." Opiyo alibandika sikio ukutani, vumbi la makaa puani, akaichora picha yote gizani. Na alimwonea kijicho mtoto huyo aliyepakatwa na kuambiwa asiogope.

Lakini kila Opiyo alipolia, sauti ya televisheni ilipandishwa. Hilo ndilo lililomkaa moyoni miaka thelathini. Watu wazima walisikia mtoto analia, wakaongeza sauti ili wasimsikie. Basi akaapa kimoyomoyo kwamba hatamwomba binadamu kitu, na kiapo hicho alikishika kuliko alivyoshika dini. Akiugua alinyamaza. Mkewe, Clare, alipomuuliza kwa nini hulala mlango wa chumba ukiwa wazi, alisema ni joto. Mbona siku nyingine alinusa makaa ndani ya nyumba inayopikiwa kwa gesi? Alisema ni majirani. Ghorofa ya sita, majirani gani wanachoma makaa hewani!

Mficha maradhi, kilio humfichua. Jumapili moja mchana Clare alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Opiyo ameupa uso ukuta, anasikiliza filamu ya jioni, na binti yao Triza, mwenye miaka saba, analilia kushuka chini akacheze. Akamwambia nyamaza. Mtoto hakunyamaza. Opiyo akainuka, akamwingiza bafuni, akasukuma komeo la nje. Mtoto akapiga kelele. Na Opiyo, ninasema haya kwa uchungu, akaketi tena akaongeza sauti.

Clare alimkuta hivyo. Alimtoa Triza, sauti imemkauka, nguo imelowa. Hakupayuka. Alifungasha mkoba mmoja, akasema anakwenda kwa dada yake Jacklyne, mtaa wa Mowlem.

"Baba Triza, sijakuacha," alisema mlangoni. "Lakini mtoto harudi hapa mpaka uongee na mtu. Matheka wa kanisani kwetu alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Anakutana na wanaume kila Alhamisi. Namba yake nimeandika hapa."

"Mimi si mwendawazimu."

"Sijasema wewe ni mwendawazimu. Nimesema umemfungia mtoto wangu."

Karatasi ile aliitia ndani ya kopo la kuwekea flash za filamu zake, akaweka kifuniko.

Siku ya tatu, kibandani, alionyesha filamu ya Kikorea ambayo hakuisikiliza mapema, maana nyumbani hakukukalika. Kila alipofumba macho alisikia mtoto akigonga mlango wa bafu, na hakujua tena kama ni Triza au ni yeye mwenyewe. Filamu ilikwenda vizuri kwa nusu saa. Kisha mwanamume wa kwenye skrini akamshika mtoto mkono, akamsukuma chumba cha chini ya nyumba, akafunga. Opiyo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akasikia koo limejaa vumbi.

"Dijei, niaje, mbona umezima?" Kyalo, fundi wa mawe aliyekaa benchi la mbele siku zote, aliuliza. "Huyo mtoi anaendaje sasa? Tuambie!"

Waliosalia wakapiga mluzi, halafu wakaona machozi, wakaacha. Kyalo akainuka, akazima laptopu mwenyewe, akamwekea mkono begani. "Buda, twende nikupeleke home." Opiyo akautupa mkono ule kama kaa la moto, akatoka.

Kesho yake mchana alikwenda Shauri Moyo. Baba yake mkubwa alikuwa ameshakufa zamani, amezikwa kwa heshima zote, na marehemu hagombezwi. Lakini ukuta ule ulikuwa na upande wa pili, na Opiyo alitaka kumwona mtu aliyeongeza sauti. Alizunguka safu, akahesabu milango, akabisha.

Alifungua bibi mwembamba, miguu imevimba. Miaka yote alikuwa ameuza mitumba soko la Gikomba; sasa, kwa miguu ile, wengine ndio walimuuzia mali yake.

"Wewe ndiye Truphena?"

"Ndimi. Karibu, baba."

"Sikaribii. Mimi ni yule mtoto wa stoo ya Sylvance. Nilikuwa nikilia, unaongeza sauti. Nimekuja kukuuliza ulikuwa unalala vipi."

Bibi alishika fremu ya mlango.

"Opiyo," alisema. "Jina lako nililijua kwa matusi ya yule mzee. Nilikuwa naongeza, ndiyo, ili usikie. Televisheni niliisukuma mpaka ukutani, ukuta wa nyuma yake ukapata joto, rangi ikabanduka. Njoo uone."

Opiyo hakusogea. "Muongo wewe. Ulikuwa unamwekea mtoto wako. Nilikusikia ukimweleza kila kitu."

"Mtoto gani?" Truphena aliuliza. "Mungu hakunipa mtoto. Nimekaa nyumba hii peke yangu miaka arobaini. Hizo filamu zilikuwa za Kihindi na za Kizungu. Nikajua yule wa stooni hatazielewa kwa kusikia tu, na haoni. Sasa nifanyeje? Nikawa namsimulia."

Opiyo aliketi pale pale kizingitini. Mtoto yule aliyemwonea kijicho miaka thelathini, aliyeambiwa asiogope, alikuwa yeye. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita na mizigo yao kuelekea sokoni, na hakuna kilichoongezwa sauti.

Truphena alimwacha alie. Kisha akasema, "Usinishukuru. Nilimwogopa Sylvance. Alikuwa mtu mkubwa, na mimi mwanamke peke yangu. Hadithi zilikushika usianguke, lakini komeo halikuhitaji hadithi, lilihitaji mtu wa kulivuta. Mimi sikulivuta. Mpaka leo naota nalivuta. Una mtu wa kukusaidia, baba?"

"Kuna namba," alisema. "Iko ndani ya kopo."

Alhamisi ya kwanza kwa Matheka, Opiyo aliomba mlango wa ofisi uachwe wazi, nao ukaachwa. Alisema machache. Ya pili alisema mengi, na akirudi alitapika barabarani. Ya tatu Kyalo alimsindikiza, akamngoja nje akila mahindi ya kuchoma, na safari hii Opiyo hakuukataa mkono begani. Harufu ya makaa haikuondoka. Ilipungua siku nyingine, siku nyingine ikamkalia kifuani vilevile. Lakini Jumamosi iliyofuata Clare alipiga simu, akamwambia aje Mowlem.

Triza alipomwona alikimbilia chumba cha ndani, akajifungia. Clare akataka kumwita. Opiyo akatikisa kichwa. Aliketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango ule.

"Triza. Nilikufungia, nikaongeza sauti. Wewe hukukosa kitu. Aliyekosa ni mimi. Fungua ukitaka. Usipotaka, nitakaa hapa nikusimulie muvi."

Basi akaanza, bila maikrofoni, bila mzaha. Mtoto yuko stooni, kuna giza, upande wa pili wa ukuta kuna mama anamwambia asiogope. Alisimulia mpaka koo likajaa vumbi tena. Safari hii akasita, akameza mate, akaendelea.

"Huyo mtoto," sauti ndogo iliuliza karibu sana na mlango, "nani alimfungulia?"

Dijei aliyezoea kuwapa watu mwisho mtamu hakuwa na uongo wa kumpa.

"Bado wanamfungulia, mama," alisema. "Komeo limeshika kutu. Wako kadhaa wanalivuta."

Alisikia ufunguo ukihangaika kwenye kitasa. Mlango ukamsukuma mgongoni kidogo, ukakwama.

"Dadi, sogea," Triza alisema. "Unafungukia huko kwako."